Zebaki na Watoto Wenye Usonji: Vipimo Vyasema Nini?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, baba wa watoto watano, ametuandikia barua ndefu. Mtoto wake wa tatu, mvulana wa miaka sita, ana usonji. Hasemi ila maneno machache. Akiitwa jina lake hageuki. Aweza kuzungusha kifuniko cha sufuria saa nzima, na kiti kikiondolewa mahali pake pa kila siku hulia mpaka usiku. Sasa shemeji yake mwalimu, akaaye Ulaya, amempasha habari kwamba hali hiyo yatokana na zebaki, na kwamba kuna mtu apokeaye nywele za mtoto katika bahasha, akazipima, akarudisha karatasi ya hesabu pamoja na dawa ya kuitoa zebaki mwilini. Bei yake ni mshahara wa miezi minne. Mwalimu auliza kama auze mbuzi wake. Tena auliza, na hapo twaona mwandiko wake unatetemeka, kama ni yeye aliyemdhuru mtoto siku ile alipompeleka kuchanjwa.

Tungaliweza kumjibu kwa neno moja. Lakini mwalimu hakuomba neno moja. Aliomba aelezwe hesabu zile zasomwaje. Basi tutazisoma pamoja naye, na ninyi wasomaji wapenzi mtufuate polepole, hasa ninyi wanafunzi mliokwisha kujifunza wastani na sehemu za mia.

Kwanza zebaki yenyewe. Ni madini ya ajabu, kwa maana ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida. Wachimbaji wa dhahabu wa Kivu na Ituri waijua vema: huichanganya na mchanga uliopondwa, nayo hunasa chembe za dhahabu. Lakini zebaki si ya namna moja. Hiyo ya wachimbaji ni zebaki tupu, nayo ikipashwa moto hupanda kama moshi usioonekana na kuingia mapafuni. Ya pili ni methili-zebaki. Hii hufanyizwa na vijidudu katika matope ya mito na bahari. Samaki wadogo huimeza, wakubwa huwala wadogo, na kwa sababu hiyo papa na jodari wakubwa huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Ya tatu ni ethili-zebaki. Hiyo hutoka katika thiomersali, dawa iliyoanza kutumika katika chanjo miaka ya 1930 ili vijidudu visiote ndani ya chupa ambayo sindano nyingi zaingizwa mmoja baada ya mwingine. Majina ya hizi mbili za mwisho yafanana kama ya ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao ziko mbali. Zebaki ya samaki hukaa sana: baada ya siku 50 hivi ndipo nusu yake imetoka katika damu. Zebaki ya chanjo, ilipopimwa kwa watoto wachanga, nusu yake ilikuwa imetoka katika damu kabla ya siku 4 kutimia.

Tena kila kipimo kina zebaki yake. Nywele hutunza hasa ile ya samaki, kwa maana huiingia zinapoota, na unywele mrefu ni kama daftari la miezi iliyopita. Mkojo huonyesha hasa ile ya moshi wa wachimbaji. Damu husema habari za majuma machache tu. Basi mtu akikuambia, “Mtoto huyu ana zebaki,” usifurahi wala usiogope kabla hujamwuliza: ipi, na umeipima wapi?

Kwamba zebaki yaweza kuharibu ubongo wa mtoto, hakuna abishaye. Mwaka 1956 huko Minamata, Ujapani, watu walianza kuyumba, mikono ikafa ganzi, macho yakawa yanaona mbele tu kama mtu atazamaye ndani ya mwanzi. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki katika ghuba, na watu walikula samaki wa ghuba ile. Mama wengine hawakuonekana kuugua sana, lakini watoto waliokuwa matumboni mwao walizaliwa na viungo vilivyokakamaa na akili iliyolemewa. Huko Irak, mwisho wa 1971 na mwanzo wa 1972, wakulima walikula ngano ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki. Hospitali zilipokea wagonjwa 6 530, na 459 kati yao walikufa. Kwa hiyo wale waliouliza kama zebaki yahusika na usonji hawakuuliza swali la kipumbavu.

Lakini angalieni pia tofauti. Mtoto aliyedhurika kwa zebaki huyumba, hutetemeka, huona vibaya. Mtoto wa mwalimu wetu hupanda mwembe kuliko kaka zake. Lililo gumu kwake ni kumtazama mtu usoni na kusemezana naye. Mwaka 2003 madaktari wawili wa Marekani, Karin Nelson na Margaret Bauman, waliziweka dalili za pande mbili bega kwa bega, wakaona hazifanani.

Shaka ilianzaje? Mwezi wa Julai 1999 wakuu wa afya wa Marekani pamoja na chama cha madaktari wa watoto waliomba thiomersali iondolewe katika chanjo za watoto. Hawakuwa wameona mtoto aliyedhurika. Walikuwa wamejumlisha zebaki ya sindano zote na kuona jumla yaweza kupita kiasi ambacho ofisi moja ya serikali ilikiweka kwa zebaki ya samaki. Walifanya hivyo kwa kujihadhari. Lakini mzazi asikiapo kwamba kitu kimeondolewa kwa kujihadhari, yeye husikia kwamba kimeondolewa kwa sababu kilikuwa sumu. Miaka hiyohiyo idadi ya watoto walioandikwa kuwa na usonji ilikuwa ikipanda. Mwaka 2001 kikundi cha wazazi na wenzao kiliandika kwamba usonji ni namna mpya ya sumu ya zebaki. Ilibaki kupima.

Kipimo cha kwanza kilichovuma kilitoka mwaka 2003. Watu watatu, Holmes, Blaxill na Haley, walikusanya nywele za kwanza kukatwa za watoto 94 wenye usonji na 45 wasio nao. Je, mwafikiri walikuta nini? Wenye usonji walikuwa na zebaki kidogo: sehemu 0,47 katika milioni. Wasio na usonji walikuwa na 3,63. Mtu wa kawaida angesema, basi shauri limekwisha, zebaki haipo. Lakini waandishi walisema kinyume: nywele zina kidogo kwa sababu mwili wa mtoto mwenye usonji hauwezi kuitoa zebaki, nayo imebaki ndani. Yaani ikionekana nyingi, ni sumu. Ikionekana haba, ni sumu iliyojificha. Twawaomba wanafunzi wakae kidogo na jambo hili. Mtu akitoa neno ambalo hakuna hesabu iwezayo kulikanusha, hesabu zake zimekuwa pambo tu. Dhana ya mwili usiotoa zebaki yaweza kuwa kweli au si kweli, lakini nywele peke yake haziwezi kuithibitisha. Ingepasa kupima pia damu, na kinachotoka, na kinacholiwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawakulitazama, nasi twaliona kuwa ndilo kubwa. Miaka ya 1999 na 2000 serikali ya Marekani ilipima nywele za watoto 838 wa mwaka mmoja hadi mitano, waliochaguliwa kutoka nchi nzima. Wastani wao ulikuwa 0,22. Sasa zipangeni hesabu tatu: watoto wa nchi nzima 0,22, wenye usonji 0,47, wale 45 wasio na usonji 3,63. Umri hauko sawa kabisa, lakini ni nani hapo aliye mgeni? Si wenye usonji. Ni wale walioitwa wazima! Wamezidi watoto wa nchi yao mara 16. Waliowekwa kuwa kipimo cha uzima ndio waliokuwa na shaka, na mizani ikiwa na jiwe bovu, haifai kumlaumu muuza unga.

Mwaka uliofuata, 2004, madaktari wa Hong Kong walipima damu na nywele za watoto 82 wenye usonji na 55 wasio nao. Katika nywele walipata 2,26 kwa wenye usonji na 2,07 kwa wengine. Wakasema hakuna tofauti. Lakini mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, DeSoto na Hitlan, waliziangalia upya hesabu za damu wakakuta makosa. Waandishi wa kwanza walikubali na kusahihisha. Hesabu iliposafishwa, tofauti ya damu ilisimama karibu kabisa na ule mpaka ambao wenye elimu ya takwimu hutumia kutenga bahati na ukweli. Wengine wakasema imeuvuka, wengine wakasema bado. Sisi twawasifu waliosahihisha na waliosahihishwa pia, kwa maana si kawaida ya watu kukiri makosa ya hesabu mbele ya dunia nzima. Hata hivyo ukubwa wa tofauti wenyewe haukubadilika sana: damu 19,53 na damu 17,68, kwa kipimo chao. Ni kama watoto wawili waliopishana kimo kwa upana wa vidole viwili.

Sasa chukueni karatasi za nchi mbili na kuziweka pamoja. Mtoto mzima wa Hong Kong ana zebaki 2,07 katika nywele zake. Mtoto wa Marekani mwenye usonji ana 0,47. Yaani mzima wa huku amemzidi mwenye usonji wa kule mara nne na zaidi! Kama zebaki ya nywele ingekuwa kipimo cha usonji, Hong Kong nzima ingekuwa hospitali. Sababu yajulikana kwa kila mpishi: Hong Kong ni mji wa bahari, na watu wake hula samaki kuliko wengi wa Marekani.

Samaki huyo ndiye aliyefungua fundo. Mwaka 2010 Irva Hertz-Picciotto na wenzake wa chuo kikuu cha California, mjini Davis, walitoa uchunguzi wa damu ya watoto 452 wa miaka miwili hadi mitano: 249 wenye usonji, 60 waliochelewa kukua kwa njia nyingine, na 143 waliokua kama kawaida. Hesabu ya kwanza, kabla ya kusahihisha lolote, ilionyesha tena kwamba wenye usonji wana zebaki kidogo kuliko wenzao. Hapo wangeweza kusimama na kuandika habari ya kuvuma. Lakini walikuwa wamewauliza wazazi jambo dogo ambalo wengine hawakuliuliza: mtoto hula nini?

Na majibu yalikuwa haya, ambayo kila mama mwenye mtoto wa usonji atayajua bila kwenda chuoni. Watoto hawa huchagua chakula. Mmoja hataki kitu chenye harufu, mwingine hataki kitu chenye miiba au ngozi, mwingine hula kitu cheupe tu. Mama wa mtoto wa namna hiyo hapa kwetu atakuambia kwamba huyu hali sambaza, hagusi makayabo, yeye ni bugali mtupu na ndizi. Watoto wenye usonji wa California nao walikula samaki haba kuliko wenzao, basi na zebaki yao ikawa haba. Waandishi walipolinganisha watoto waliokula samaki sawasawa, na kuhesabu pia meno yaliyozibwa kwa madini na vitu vingine viingizavyo zebaki, tofauti ilitoweka. Wenye usonji na wasio nao walikuwa sawa.

Twaomba mliangalie hili vizuri, kwa maana ndilo tulilotaka kumwambia mwalimu tangu mwanzo. Zebaki ile haba haikuleta usonji. Usonji ndio uliobadili sahani, na sahani ndiyo iliyobadili damu. Tulikuwa tunaisoma barua kutoka chini kwenda juu. Karatasi ya zebaki ya mtoto mdogo, mara nyingi, ni karatasi ya samaki wake.

Atasema mtu: damu ile ilichukuliwa mtoto akiwa amekwisha kuwa na usonji, yawezekana zebaki ilimdhuru zamani, akiwa tumboni, ikatoka. Ni neno la haki, na waandishi wa California wenyewe walisema uchunguzi wao hauwezi kulijibu. Ili kulijibu, lazima upime mama akiwa mja mzito, kisha ungoje miaka. Jambo hilo lilifanywa katika visiwa vya Shelisheli, katika Bahari ya Hindi, ambako watu hula samaki wa bahari karibu kila siku. Nywele za mama ziliwekwa tangu mimba, watoto wakafuatwa mpaka wamekuwa vijana. Mwaka 2013 wenye uchunguzi huo walitoa habari za watoto 1 784: wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi hawakuonekana na tabia za usonji kuliko wale wa mama wenye zebaki haba. Na hiyo ni zebaki ya samaki, ile ikaayo siku nyingi.

Juu ya zebaki ya chanjo tutasema kwa ufupi, kwa maana njia yake ni nyepesi zaidi. Udanimarka iliacha kutumia thiomersali mwaka 1992. Wataalamu walifuata watoto 467 450 waliozaliwa huko kati ya 1990 na 1996, wengine walichanjwa kwa dawa yenye thiomersali na wengine kwa dawa isiyo nayo. Usonji haukuzidi upande wa kwanza. Baada ya thiomersali kuondolewa, idadi ya walioandikwa kuwa na usonji katika nchi ile iliendelea kupanda. Hata California ilikuwa hivyo baada ya 2001. Ukizima moto chini ya chungu na maji yakazidi kuchemka, hukuwa moto ule uliokuwa ukiyachemsha.

Haki yatudai kusema kwamba ziko chunguzi nyingine, na wengine wamezikusanya pamoja wakapata zebaki iliyozidi kidogo katika damu ya wenye usonji. Hatuzifichi. Lakini nyingi ni za watoto wachache, wa nchi zenye vyakula mbalimbali, na mara nyingi hatuambiwi samaki aliliwa kiasi gani wala nani alichagua watoto wa kulinganishwa. Kukusanya vikapu ishirini ambavyo havikupimwa kwa kilo moja si sawa na kupima kikapu kimoja vizuri.

Basi turudi kwenye bahasha ya mwalimu. Mara nyingi watu wa namna ile hawaishii kwenye nywele. Huomba pia mkojo, lakini kwanza humpa mtoto dawa ya kuvuta madini. Dawa hiyo ina kazi yake ya kweli: hospitali huitumia kwa mtu aliyekula risasi nyingi au sumu nyingine ya madini. Lakini mtu yeyote akipewa dawa hiyo, mzima au mgonjwa, mkojo wake hutoa madini kuliko kawaida, kwa maana sisi sote tunayo kidogo. Kisha karatasi hulinganisha mkojo huo na wa watu ambao hawakupewa dawa, na mstari mwekundu unatokea. Ni sawa na mtu atikisaye mwembe wake kwa nguvu zote, akayahesabu maembe yaliyoanguka, akamwendea jirani ambaye mwembe wake haukuguswa, akalia kwamba mti wake una ugonjwa wa kupukutisha. Chama cha madaktari wa sumu wa Marekani kimetangaza kwamba kipimo cha namna hiyo hakikuthibitishwa. Twamwomba mwalimu alishike hilo, kwa maana karatasi yenye mistari myekundu yatisha sana mkononi mwa mzazi, hata kama mistari imechorwa kwa hila.

Na hatari haiko katika fedha peke yake. Mwezi wa Agosti 2005, katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alitiwa katika mshipa dawa mojawapo ya kuvuta madini. Dawa ile ilivuta chokaa iliyomo katika damu, ambayo moyo hauwezi kupiga bila hiyo. Moyo ulisimama, naye akafa. Wazazi walikuwa wamemleta ili apone. Baadaye taasisi moja kubwa ya serikali ya Marekani ilitaka kujaribu dawa nyingine ya jamii hiyo, inayomezwa, kwa watoto wenye usonji. Mwaka 2008 iliacha, baada ya kuonekana kwamba panya wasio na sumu ya risasi waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na akili, na upungufu haukuwaondoka. Yaani dawa ya kumtoa mtoto madini asiyo nayo yaweza kumwachia dhara asilokuwa nalo.

Je, sisi wa Kongo hatuna haja ya kuogopa zebaki? Tunayo, lakini mahali pengine. Mchimbaji wa dhahabu arudipo nyumbani jioni na donge lake, akalichoma katika sufuria jikoni, moshi usioonekana hukaa katika kuta na katika nguo za watoto. Huyo ndiye mtoto wa kupimwa, tena kwa mkojo usiochochewa na dawa. Donge lisichomwe ndani ya nyumba, wala sufuria yake isirudi kupikia. Tena ziko sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki, ambayo mama mjamzito hujipaka bila kujua. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyofanywa mwaka 2013 na kuitwa kwa jina la Minamata, yamezitaja sabuni hizo na uchimbaji wa dhahabu; chanjo zenye thiomersali yaliziweka kando kwa maneno wazi.

Tumebakiza neno la mwandiko uliotetemeka. Bwana Mwalimu, chanjo ya surua haikuwa na thiomersali wakati wowote, kwa maana imefanywa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na thiomersali ingaliviua. Chanjo nyingine zitolewazo katika chupa za watu wengi huwa nayo; sindano moja haina kawaida zaidi ya mikrogramu 25 za zebaki ya namna ile itokayo upesi. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, katika nchi yetu watu zaidi ya 310 000 walidhaniwa kuwa na surua, na zaidi ya 6 000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Siku ile ulipombeba mwanao kwenda kwa waganga ulimkinga na jambo hilo. Hukumdhuru.

Mbuzi wasiuzwe. Nywele za mtoto zikatwe chini ya mwembe kama za ndugu zake, kisha zifagiwe. Ikiwa fedha ipo, ianze kwa kupima masikio yake katika hospitali iliyo na chombo cha kupimia, kwa maana mtoto asiyegeuka aitwapo yafaa kwanza ijulikane kama asikia.

Mwalimu auliza pia, mwishoni mwa barua, jinsi ya kumfundisha mtoto wa namna hiyo kuomba maji au chakula, naye hasemi. Anatuambia kwamba mtoto huleta kifuniko cha sufuria mama anapopika. Hapo pana mwanzo, nasi tutalisema jambo hilo katika gazeti la juma lijalo.